Chembe Kubwa

Niligundua kwamba nimekufa siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, nikiwa na maua ya njano mkono mmoja na ndoo ya maji mkono wa pili.

Nilikuwa nimepanda makaburini kumsafishia mume wangu jiwe lake kabla ya siku za wafu za mwezi wa tisa. Jiwe lile lina majina mawili: Onishi Tokujiro, ambaye ni yeye, na Onishi Kinuyo, ambaye ni mimi. Kwetu mjane huchongwa pamoja na mumewe ili fundi asisumbuke mara mbili. Jina la aliye hai hutiwa rangi nyekundu, na siku akifa rangi inakwanguliwa, anahesabiwa amefika. Mimi nilikuwa mwekundu miaka saba. Jumanne ile nikajikuta nimekwanguliwa mpaka kwenye kona za herufi, kazi safi kabisa, na mtu ameniachia ubani.

Ubani wenyewe ulikuwa wa bei rahisi. Nikaketi kwenye ngazi nikala keki ya mchele niliyomletea marehemu, kwa kuwa sasa tulikuwa marehemu wawili na huyu mwenzangu hajawahi kunigawia kitu. Goti la kushoto lilikuwa linauma. Nikawaza, kama wafu nao wanaumwa magoti, basi yule mtawa wa hekalu ametudanganya sana.

Karakana ya Morihiko iko chini tu ya makaburi, jambo linalomrahisishia kazi. Morihiko ana miaka hamsini na minane. Alijifunza kuchonga kwa mume wangu na akala wali mezani kwangu miaka kumi na mmoja, kwa hiyo sikubisha hodi.

"Karibu, Mama," akasema. "Nikutilie chai?"

"Wafu hawanywi chai, Mori. Wanawekewa tu."

Akaniangalia. "Unasemaje?"

"Nasema asante kwa ubani. Mwakani lete wa maana."

Kwanza alicheka, kisha akaacha kucheka, kisha akaenda ukutani akabandua karatasi moja kwenye msumari. Aliisoma huku midomo ikimcheza.

"Onishi Kinue," akasema. "Wa kichochoro cha chini. Yule bibi aliyefariki mwezi uliopita."

"Mimi ni Kinuyo. Wa kichochoro cha juu. Yule bibi aliyekuwa anakupikia."

"Ni herufi moja ya mwisho, Mama. Karatasi ililowa."

"Na Kinue mwenyewe je?"

Akafikiri kidogo. "Bado ni mwekundu."

"Kwa hiyo aliyezikwa yuko hai, na mimi niliyesimama hapa mlangoni pako nimekufa."

"Nitakupaka leo leo. Saa sita haitafika. Hakuna aliyeona."

"Nimeona mimi."

Katika mji wetu fundi akipasua jiwe la mteja anasamehewa. Akichelewa miezi minne, huyo ni fundi wa kawaida. Ila kumuua mteja kabla ya wakati wake, tena mjane wa bwana aliyemfundisha kazi, hilo mafundi wengine wangelinywea pombe mpaka wajukuu wa Morihiko waoe. Alilijua hilo. Akainama mbele yangu mpaka nikaona mahali anapoanza upara.

"Mama, nakuomba, usimwambie mtu."

"Nimwambie nani, na mimi ni maiti?" Nikaweka ndoo chini. "Usinipake rangi. Umeshanizika, basi nizike vizuri. Nataka jiwe langu peke yangu, kando ya lile la bwana wako. Na liwe la chembe kubwa."

Habari ya kuniua aliipokea akiwa amesimama. Hii ya pili ilimkalisha.

Mlima wetu una pande mbili. Upande wa huku jiwe lake ni la chembe ndogo, ukiliangalia ni kama chumvi na unga wa makaa vimepepetwa pamoja, na ukilimwagia maji linaleta madoa laini kama pumzi kwenye kioo. Ndilo jiwe la makaburi ya watu wenye nafasi. Upande wa pili, nilikozaliwa mimi, jiwe ni la chembe kubwa: punje nyeupe, punje za kijivu, punje nyeusi, kila moja unaihesabu ukiwa umesimama. Hilo hujengewa ngazi za bandari na kuta za kuzuia udongo. Na watu wa mji huu maneno hayo hayo wanayatumia kwa binadamu. Msichana anayeongea chini chini na kuketi magoti pamoja ni chembe ndogo. Anayecheka mpaka koo linaonekana ni chembe kubwa.

Nilivushwa mlima nikiwa na miaka ishirini na mmoja. Mama mkwe alinitazama mikono, akanitazama miguu, akanisikia nikicheka jambo nimelisahau, akamwambia mwanawe mbele yangu: "Chembe kubwa. Ila ina nguvu." Likawa jina. Nimeng'arisha mawe ya chembe ndogo miaka arobaini katika nyumba ile, mpaka alama za vidole zikaisha, leo hii naweza kuiba popote polisi wasinipate, na bado jina lilikuwa lile lile. Hata wiki aliyokufa, Tokujiro alimwambia muuguzi, "Usimwachie mke wangu atandike shuka, ni chembe kubwa." Yule binti akaandika kwenye faili, alidhani ni ugonjwa.

Sasa masika yale, kabla ya kifo changu, alikuja mwalimu mmoja pale ukumbini kwetu, Mwalimu Ikeuchi, mwanamke kijana mwenye begi la mgongoni lililojaa mawe, kutueleza habari za mlima wetu. Mafundi waliketi mbele wamekunja mikono, kama wanaume wanaosimuliwa habari za wake zao na mpita njia.

Mwalimu akasema mlima huu zamani ulikuwa uji. Uji wa moto wa mawe, unaitwa magma, ulipanda kutoka chini ukakwama kilomita kadhaa kabla ya kutokea juu, ukabaki humo humo unapoa. Akasema uji huo haugandi wote kwa mkupuo kama maji ya barafu. Kila madini yana joto lake yanapokubali kushindwa. Wa kwanza ni wale weusi, wana jina refu nililisahau kabla hajamaliza kulitamka. Hao wanajichukulia wanachotaka kwenye uji, wanajijenga fuwele zenye kona zilizonyooka, maana nafasi ni tele. Wanafuata weupe wa maziwa, feldspa. Kisha ulanga, ule unaometa kama magamba ya samaki. Kila anayetoka anauacha uji umepungua na umebadilika ladha. Wa mwisho kabisa ni kwatzi. Huyo anachukua kilichobaki na kukaa palipobaki, na umbo lake ni umbo la mapengo waliyoacha wenzake.

"Kama kuoga," nikasema.

Mwalimu akauliza, "Kuoga vipi, Bibi?"

"Pipa la maji ya moto ni moja. Anaingia baba mkwe, halafu mume, halafu mashemeji, halafu watoto. Mke wa mwana anaingia mwisho, kwenye maji waliyoyabakisha. Huyo kwatzi wako ni mke wa mwana."

Wanawake wa nyuma walicheka mpaka mmoja akatafuta meno yake chini ya kiti. Mwalimu aliandika kwenye daftari.

Kisha akapitisha mawe mawili, la huku na la kwetu, akauliza lipi lilipoa haraka. Mafundi wakayapima uzito viganjani. Miaka mia nne wanayapiga nyundo, hakuna aliyewahi kujiuliza.

"Hili la chembe ndogo," akasema mwalimu. "Lilikuwa ukingoni, limegusana na mwamba baridi. Fuwele nyingi zilianza kwa pamoja, hakuna iliyopata muda wa kukua. Hili la chembe kubwa lilikaa katikati kwenye joto, likapoa polepole sana."

"Kwa hiyo chembe ndogo ni jiwe lililokuwa na haraka," nikasema.

"Kwa lugha nyingine, Bibi, ndiyo. Ingawa kuna mambo mengine pia, kuna maji yaliyomo kwenye magma, kuna…"

Hayo mengine sikuyasikia. Nilikuwa nimeshapata langu. Fundi mmoja wa mbele akanung'unika kwamba kaburi ni uzuri, si muda, na mwalimu akajibu kwa upole kwamba kati ya mawe yale hakuna bora, tofauti ni kupoa tu. Miaka yote ile naambiwa sikulelewa, kumbe ni kwamba sikuharakishwa. Nikarudi nyumbani nikaoga wa kwanza. Naishi peke yangu, lakini siku ile niliona utamu wake.

Basi ndiyo maana, mbele ya Morihiko, nilijua ninachotaka.

"Mama," akasema pale alipoketi, "mjane wa Bwana Tokujiro chini ya jiwe la ngazi za bandarini?"

"Watu wanalikanyaga kila siku na halijawahi kulalamika. Litaniweza."

"Na Shigeki atakubali?"

Hapo alinishika penye kidonda. Hekalu haliweki jiwe bila muhuri wa mwenye kiwanja, na mwenye kiwanja cha kaburi letu ni mwanangu Shigeki. Bila muhuri wake, siku nikifa kweli, nitachomwa na majivu yangu yataingizwa kwa Tokujiro nitake nisitake, na sitakuwa na mdomo wa kubisha.

Shigeki anauza bima mjini Takamatsu. Alikuja Jumapili. Nilipika tambi za udon, kwa sababu ni mtu asiyegombana mpaka amalize bakuli, anaogopa zisije zikalainika. Habari ya kufa kwangu sikumgusia, nilikuwa nimemwahidi Mori. Nilimweleza tu habari ya jiwe. Alivuta tambi ya mwisho, akafuta mdomo.

"Mama, nafasi ipo kwenye jiwe la baba. Jina lako lipo pale."

"Lipo. Na mimi nilikuwepo, kwenye nafasi aliyobakisha baba yako, miaka hamsini na minne. Nataka nijaribu kwingine."

"Watu watasema mmeachana."

"Amekufa, Shigeki. Tuachane zaidi ya hapo vipi?"

"Baba alikupenda."

"Alinipenda kama alivyoipenda mashine ya kung'arishia. Tofauti ni kwamba ile alikuwa anaipaka mafuta."

Akaweka vijiti chini. Ana masikio ya baba yake, yanakuwa mekundu kabla hajasema jambo la kweli.

"Watasema mimi ndiye niliyekuweka chini ya jiwe la ukuta," akasema. "Mtoto wa Tokujiro. Watasema nilishindwa kumnunulia mama yangu jiwe la heshima."

Hilo nililielewa. Nikamwongezea mchuzi.

Alipokuwa anavaa viatu akasema, "Nitakuja niione hiyo kazi. Nikiona jiwe ni baya, muhuri sipigi, na habari hii tunaifunga. Hutanipigia simu kila siku."

"Sitakupigia."

"Mama."

"Nimesema sitakupigia."

Alhamisi tukavuka mlima. Morihiko alikuwa ameshachagua bonge kubwa kama gari dogo kwenye machimbo ya kwetu, na mimi nilikuwa na kiti cha kukunja na mwavuli. Nilikuwa pia nimemwalika Mwalimu Ikeuchi. Morihiko alipomwona anashuka na begi lake akaninong'oneza, "Mama, umeniletea serikali." Shigeki alifika na viatu vya ofisini, mkoba kwapani, na ndani ya mkoba mna muhuri. Nilijua umo, kwa jinsi alivyoubana.

Morihiko alilizunguka bonge, akalimwagia maji, akalipapasa kwa kiganja. Kila jiwe lina upande linaokubali kufunguka, na fundi asiyeujua atapiga nyundo mpaka astaafu. Akapata. Akatoboa mstari wa matundu, akachomeka kabari za chuma, akaanza kugonga, moja moja, kutoka kushoto kwenda kulia, pole pole, akirudi mwanzo tena. Mlio ulikuwa mwembamba. Raundi ya nne ukawa mzito. Hapo akaweka nyundo chini akakaa.

"Mbona umeacha?" Shigeki akauliza.

"Linamalizia lenyewe."

Shigeki akatazama saa. Tukasikia mlio kama tambi kavu zinavunjwa ndani ya kitambaa, na ufa ukashuka kutoka juu hadi chini umenyooka. Morihiko akaleta winchi, akavuta nusu moja ikalala chali. Akachungulia. Kisha akasema neno ambalo miaka kumi na mmoja mezani kwangu hakuwahi kulisema.

Katikati ya ile nusu kulikuwa na shimo, upana wa sufuria ya wali, limeingia ndani giza.

"Lina tumbo," akasema.

Fundi akiona jiwe lenye tumbo ni kama mpishi aliyevunja yai akakuta kifaranga. Halichongwi, haliuzwi, linasukumwa baharini liwe kizuizi cha mawimbi. Morihiko alivua kofia. "Nisamehe, Mama. Nitatafuta lingine. Nipe mwezi."

"Hapana," Shigeki akasema. Aliongea taratibu, na hata si kwa ubaya. "Mwenyewe umeona, Mama. Limeoza ndani. Tumejaribu, basi. Twende nikupeleke nyumbani." Akaubana tena mkoba kwapani akageuka kuelekea kwenye gari.

Mimi nilikuwa nimeshainuka. Mwalimu alinitangulia, akalala kifudifudi juu ya vumbi na suruali yake safi, akawasha tochi akaiingiza shimoni. Nikainama nyuma yake, goti likalia.

Kuta zote za lile shimo zilikuwa zimeota. Fuwele zimesimama, nyingine ndefu kama kidole gumba changu, pande sita kila moja, angavu zenye moshi kidogo ndani kama barafu ya chai, na kila moja imeishia kwenye ncha yake yenyewe. Hakuna iliyomwegemea mwenzake.

"Bibi," mwalimu akasema bila kugeuka, "hii ni kwatzi."

"Si ulituambia huyo hana umbo. Anajaza mapengo ya watu."

"Akibanwa. Hapa uji wa mwisho ulibaki na maji na mvuke mwingi, ukajifanyia chumba. Kwatzi ikakuta nafasi." Akasogeza tochi. "Ikipata nafasi, hivi ndivyo ilivyo."

Sikusema kitu. Shigeki alimsimulia mkewe baadaye kwamba hilo ndilo lililomrudisha kutoka kwenye gari: alisubiri nijibu, akasikia kimya, akadhani nimeanguka.

Alinikuta nimeingiza mkono shimoni mpaka kwenye kiwiko, napima.

"Hili hili," nikamwambia Morihiko.

"Mama, hili hata bure halichukuliki."

"Si la kuuza. Nitakaa humo ndani. Mtungi wa majivu yangu unaingia na nafasi inabaki. Nimeshapima."

"Mama, toa mkono, utajikata," Shigeki akasema.

"Ingiza wako."

Hakutaka. Akavua saa, akakunja mkono wa shati, akaingiza. Akajichoma mara moja, akautoa, akakinyonya kidole kama alivyokuwa akifanya alipokuwa na miaka sita. Lakini hakuondoka. Akachuchumaa pale na viatu vyake vya ofisini, akachukua tochi ya mwalimu akaangaza. Aliangaza muda mrefu. Anauza bima, lakini amekulia kwenye vumbi la mawe. Nikaona kidole gumba chake kinapita kwenye mdomo wa shimo, kinasugua punje moja moja, nyeupe, kijivu, nyeusi.

"Baba angesema nini," akasema, kama anajiuliza mwenyewe.

"Angesema ni chembe kubwa," nikamjibu. "Na ingekuwa kweli."

Akaelekeza tochi kwenye mdomo wa shimo. "Mvua itaingia humu."

"Nitalichongea kifuniko," Morihiko akadakia. Hofu ilikuwa imemtoka, sasa alikuwa fundi tu. "Nina kipande safi sana karakanani, chembe ndogo, ukikimwagia maji utapenda…"

"Cha chembe kubwa," Shigeki akamkatiza.

Akafungua mkoba. Muhuri haukuonekana, ikabidi amwage karatasi zake zote za bima juu ya bonge la jiwe, kalamu, tiketi za treni, pipi za kikohozi, ndipo ukabingirika. Akaupulizia pumzi ili wino ushike, akapatafuta kwenye fomu ya hekalu pale pa kugonga.

"Mdomo wa shimo uelekee wapi?" akaniuliza.

"Mashariki," nikasema. "Baba yako yuko magharibi, na anakoroma."